Tofali la Mzee Qiu Maolin

Marehemu Qiu Maolin alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Nanjing, chini ya ukuta wa kale, mtoto wa tatu wa msukuma mkokoteni.

Shuleni alikaa miaka minne tu. Kusoma hasa alijifunzia ukutani, maana matofali ya enzi ya wafalme wa Ming yalipigwa chapa ya jina la aliyeyafyatua, ili likivunjika moja ajulikane wa kuulizwa.

Mwaka 1958 alipata kibarua cha kuubomoa ukuta huohuo. Kila mwenye banda la kujenga alijibebea matofali, naye akabeba moja, lenye chapa ya Lu Yansan. Baadaye akawa fundi mwashi, na kuanzia 1982 hadi alipostaafu 2001 alikuwa katika kikosi cha kuujenga upya. Alipita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza watu warudishe walichochukua. Wakimuuliza la kwake, alisema alikwisha kulirudisha.

Hakuwa amelirudisha. Alimwoa Fang Suzhen tarehe 2 Mei 1966, na tangu baridi ya mwaka ule tofali lilikaa mtungini, likigandamiza mboga za chumvi. Bibi alimtania mezani: "Mzee Qiu, wenzako umewavunjia mabanda ya nguruwe. Haya, kula kabichi ya mfalme." Naye alikula.

Agosti 2018 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mapafu. Ndipo alipomwita binti yake, Yunxia, akaungama.

"Lu Yansan aliweka jina lake pale kama mtu anayeapa," alisema. "Mimi nikamtia mtungini."

Yunxia akaenda kuomba lirudishwe ukutani. Kikosini wakajibu kwa upole kwamba chumvi ile ingelila tofali lenyewe na majirani zake ukutani, kwanza itolewe. Basi likalowekwa kwenye beseni kando ya kitanda, maji yakibadilishwa kila asubuhi. Marehemu aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa. Bibi alimwambia kama ana hamu ya supu aseme tu.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2019, saa nane mchana. Maji ya siku ile yalikuwa bado na chumvi.

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na tofali ndani ya beseni.

Majivu yake yanazikwa leo, tarehe 5 Aprili, siku ya kufagia makaburi. Asubuhi Bibi ameyaonja maji, akarudia, kisha akampa Yunxia naye aonje. Hayakuwa na ladha yoyote.

"Mpelekeni," amesema Bibi.

Tukitoka hapa tutapitia ukutani. Mzee wetu na apumzike sasa. Lu Yansan anarudi kazini.