Miguu ya Mbwa na Misumari Minne

Ndugu zangu, mmenijibu "amina" mara moja tu. Mnanijua, mimi huhesabu mara mbili. Amina? Haya, zimetimia. Tuendelee.

Mimi ni fundi wa mbao pale mtaa wa Free Area. Zamani kitanda changu kilikuwa na misumari mingi kuliko mbao, na nilijivunia. Kisha maharusi fulani, siwataji, na nyinyi mlio nyuma acheni kuwaangalia, wakaanguka na kitanda changu wiki ya kwanza. Mtaa ukanibatiza Fundi Kishindo. Wateja wakaisha. Mwenye ploti akaanza kuja na jamaa wa kuosha magari aliyeitaka nafasi yangu, wanapima sakafu ya karakana yangu na mimi nimesimama juu yake.

"Boss, inua mguu kidogo," jamaa ananiambia, "tepu ipite."

Ndipo akaja mama mmoja Mkorea anayeishi Naivasha. Kazi yake ni kubuni meza na vyombo vya nyumba za leo, akifuata ufundi wa wazee wa kwao. Alitaka meza fupi ya mtu mmoja, ya kulia ukiwa umekaa chini. Zamani kwao, alisema, kila mtu alikuwa na yake. Sharti lilikuwa moja: isiwe na msumari.

"Bila msumari, madam, bei inapanda."

"Unapunguza kitu, halafu bei inapanda?"

"Misumari ndiyo wasaidizi wangu. Ukiwafukuza nabaki peke yangu."

Akacheka, akakubali. Akiwa mlangoni akasema, "Na miguu iwe ya mbwa."

"Ya mbwa?"

"Ya mbwa."

Mkinilaumu kwa lolote, msiseme sikuuliza mara mbili. Kwenye mchoro alioniachia miguu ilikuwa mistari tu. Basi nikamwita mbwa wa jirani, nikamhonga matumbo asimame bila kutikisika, nikachonga. Nilihesabu kucha za mbwa zinazogusa chini, nikahesabu za meza: kumi na sita, kumi na sita.

Mke wangu akaitazama. "Baba watoto, ukiipigia mluzi hii itakuja."

Sasa naungama. Viungo vililegea. Nikapigilia misumari minne kwa chini, nikaifunika kwa gundi na unga wa mbao. Nilijiambia minne si misumari, ni imani.

Mteja alikuja siku ambayo mwenye ploti na jamaa wake walikuwapo. Alipoona zile kucha alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mbwa ni jina la mkunjo wa mguu tu! Goti linatoka nje, unyayo unarudi ndani!" Hata mimi nikacheka. Akaipindua meza, akaweka mkoba wake juu yake. Alipouinua, mkoba ukakataa kutoka. Kifungo chake kilikuwa cha sumaku.

Akaujaribu kila pembe. Mara nne.

"Kucha ni kosa," akasema. "Huu ni uongo."

Yule jamaa akafungua tepu.

"Nipe wiki mbili," nikamwomba.

"Chukua tatu. Fanya vizuri."

Ndugu zangu, nawaambia, nimebishana bei maisha yangu yote na sijawahi kushindwa hivyo. Niliomba kidogo nikapewa zaidi.

Wiki hiyo mke wangu akanituma kwa mamake, Olenguruone, nilete viazi. Nikamkuta mama mkwe akikamua, amekalia kigoda cha marehemu babake. Nikakipindua, nikatafuta misumari. Sifuri. Nikahesabu tena. Sifuri.

"Mama, hiki kinashikwa na nini?"

"Mkwe wangu, na wewe ni fundi?" Ng'ombe mwenyewe aligeuka kunitazama. "Mguu mkavu, kiti kibichi. Kiti kikikauka kinaumeza mguu. Mzee alikuwa na subira. Wewe una nyundo."

Nikarudi bila viazi. Nikachonga ndimi za mbao na matundu ya kuzimeza, nikavunja mbili, nikachonga tena. Siku ya mwisho mteja akapitisha mkoba pembe zote. Haukushika kitu. Mwenye ploti, mtu wa kilo zake, akaikalia bila kuombwa. Kimya. Hakukuwa na kishindo.

Mteja akaagiza sita, nikamwambia arudie hesabu, akasema sita. Yule jamaa anaosha magari kwingine, na ameniagizia kigoda.

Namshukuru mama yule aliyeniongezea wiki. Namshukuru mama mkwe. Viazi vyake nilivifuata baadaye kwa aibu. Namshukuru na mbwa, ambaye bado huja kila asubuhi kusimama pale pale akingoja matumbo. Funzo langu ni dogo: usifiche msumari, kuna mkoba unakuja.

Sasa tusimame tuombe. Polepole lakini, tafadhali. Hayo mabenchi mliyokalia niliyatengeneza miaka ile ya kwanza.