Kalamu Nyekundu Yapumzika: Mzee Eliakimu Mazengo Astaafu
Na Shamimu Habibu, meza ya pili

Tarehe 30 Juni 2005, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Eliakimu Mazengo atafunga droo yake katika tawi letu la benki hapa Dodoma na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi miwili kazini. Meza yake imebadilishwa mara tatu, lakini kiti ni kilekile cha mwaka 1969, na aliyewahi kukikalia bila ruhusa anajua kilichompata.

Alizaliwa Haneti na kukulia katika lugha ya Kigogo. Kiswahili alikipatia darasani, na labda ndiyo maana anakionea wivu kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Alianza kama karani wa barua, akahamia teleksi, kisha dirisha la fedha za kutoka nje, na hapo ndipo alipo hadi leo. Karatasi yoyote iliyopita mezani kwake ilirudi na wino mwekundu. Mimi nimesahihishiwa barua ya likizo, kadi ya harusi yangu, na siku moja orodha ya sokoni niliyoisahau mezani. Niliandika "vitungu", nikakuta "u" imeongezwa.

Mageuzi ya uchumi yalipotufikia, wengi waliaga kazi mapema. Mwaka 1995 karibu nusu ya wenzake walipunguzwa, na waliobaki wakaambiwa kwamba asiyeiweza kompyuta ajitayarishe kufuata. Mzee alikuwa na miaka hamsini. Alijifunza kwa vidole viwili, na kwa vidole hivyo hivyo amefundisha makarani kumi na wanne. Mkewe, Mama Sila, aliishonea kompyuta kifuniko cha kitenge kwa ajili ya vumbi la Agosti. Mafundi wa makao makuu walicheka sana. Mashine zetu nyingine zilikufa, ya kitenge bado inafanya kazi.

Lakini wasifu wenye sifa tupu Mzee angeurudisha na wino mwekundu. Kwa hiyo, kwa idhini yake na ya mteja mwenyewe, naeleza pia ile wiki ya Machi 2003.

Bi Munira Yahaya ni fundi cherehani wa Miyuji. Binti yake Shamila, wakati huo wa miaka mitano, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari bingwa walikuwa wamekuja mjini kwa wiki mbili tu na walikuwa wanaondoka Jumamosi. Zamu ya Shamila ilikuwa Ijumaa alasiri, malipo yakiwa yamekamilika. Mdogo wake Munira, aliyeolewa Uholanzi, alituma fedha kwa mtandao wa benki ya huko, akiwa nyumbani kwake, bila kuonana na karani yeyote. Jambo hilo peke yake lilimtia Mzee mashaka.

Fedha zilifika, jina la mtumaji halikufika. Mahali pake palikuwa na namba ndefu ambayo hata mtumaji mwenyewe hakuitambua. Chini yake, kwenye mstari wa maelezo, kulikuwa na maneno matatu ya herufi kubwa, bila nukta wala mkato, kwa sababu mitambo ile ilikuwa inavimeza: SIKUDHANI ITATOSHA DADA. Utaratibu mpya ulikataza mteja kuonyeshwa karatasi. Yeye anataja mtumaji, karani analitafuta jina. Lisipopatikana hadi Ijumaa saa sita mchana, fedha zinarudi zilikotoka.

Jumatatu Munira akamtaja mdogo wake: Sikudhani Yahaya. Mzee akaliandika jina kwenye fomu kwa mwandiko wake mzuri, akaipitia karatasi juu hadi chini, akasema jina hilo halimo.

Msomaji, usitucheke mapema. Karatasi tulikuwa tumeisoma tangu wiki iliyotangulia, mimi, Mzee na meneja, na maana ilishatukaa kichwani: mtu anamwomba radhi dada yake kwamba fedha ni kidogo. Mzee alikwenda mbali zaidi yetu. Alichukua kalamu nyekundu akachomeka "kama" baada ya neno la kwanza, akilalamika kwamba watu wakishafika Ulaya wanasahau sarufi.

Jumanne Munira alirudi. Alikuwa amempigia simu mdogo wake, naye akaapa kwamba jina aliliandika. Mzee akatazama tena mahali pa mtumaji, halimo. Jumatano Munira akataja shemeji, akataja wajomba. Mzee aliiandikia benki ya Uholanzi mara mbili, haikujibu. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Alhamisi Munira hakuwa na jina la kutaja. Alikaa tu kwenye benchi, na Mzee akatoka dirishani akakaa naye, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akamuuliza kama mdogo wake ana jina jingine la nyumbani.

"Hana, mzee," Munira alijibu kwa uchovu. "Mama alimpata na miaka arobaini na sita, watu wameshakata tamaa. Walipomuuliza mtoto aitwe nani, akasema, mie sikudhani kama nitapata mwingine. Basi likawa ndilo jina."

Mzee aliinuka kwenye benchi. Kisha nikamwona anarudi mezani karibu kwa kukimbia, anaweka kidole juu ya neno la kwanza. Jina lilikuwa pale, na pembeni yake "kama" ya wino mwekundu.

Angeweza kuisingizia mitambo, na sote tungemuunga mkono. Alirudi kwenye benchi na karatasi mkononi, mbele ya foleni nzima. "Mama Shamila, jina lilikuwepo tangu Jumatatu. Mimi ndiye niliyelisoma vibaya. Nisamehe."

"Ijumaa ni kesho, baba," Munira alimjibu. "Imetosha."

Fomu ya Jumatatu ilithibitisha kwamba mtumaji alitajwa tangu mwanzo, na meneja akasaini kabla ya saa kumi. Tawi zima lilishusha pumzi. Hata mlinzi wetu Marko, ambaye hakujua habari yenyewe, alipiga makofi. Shamila alifanyiwa upasuaji kesho yake. Leo yuko darasa la kwanza, anakaa dawati la nyuma kabisa kwa hiari yake, na ubao anausoma.

Tangu hapo karani haruhusiwi kusema "halimo" kabla ya kuliandika jina chini ya ujumbe na kulilinganisha kwa kidole, herufi kwa herufi. Tunaiita kanuni ya Sikudhani. Mzee aliitunga mwenyewe, na kila karani mpya anasimuliwa kosa lake kabla ya kuonyeshwa msalani ni wapi.

Sasa anarudi Haneti kwenye alizeti zake. Mzee wetu, asante kwa wino wote. Mvua zikunyeshee kwa wakati, Mama Sila akuvumilie mchana kutwa, na afya isikupungukie. Sentensi ya mwisho nimeisahihisha mwenyewe kabla hujaifikia: sikudhani kama siku hii ingefika. Safari hii, Mzee, ni kitenzi.