Wazee wa Kwa Mueni

Kijiwe chetu ni taruma la reli ya zamani, limelazwa juu ya mawe mawili kando ya mashine ya kusaga unga, hapa Kwa Mueni, Makueni inapoishia na Kajiado inapoanza. Upepo ukiwa mbaya, ukitema mate unaweza kushtakiwa kaunti mbili. Siku ya soko Wamaasai huteremsha mbuzi, akina mama wa Kasikeu huleta mbaazi na kunde, Mkikuyu wa duka la hadwea huwauzia wote misumari, na adhana ya msikiti wa mabati hugongana na spika ya kanisa mpaka mbuzi wenyewe wanachanganyikiwa. Mimi ni Musyimi, ila hapa naitwa Katibu kwa sababu nina kalamu na miwani. Kalamu hiyo ndiyo inayonifanya nieleze haya, na siyaelezi kwa furaha.

Kahawa ya kijiwe hupikwa na Mikail. Kwetu Ukambani mtu ni chai. Kahawa tungu ya tangawizi tulifundishwa na ukoo wake. Babu yake, Othman, alitoka pwani zamani sana. Baba yake alizaliwa hapa, yeye alizaliwa hapa, wanawe wamezaliwa hapa, na anaongea Kikamba cha ndani kunishinda mimi niliyekisoma shuleni. Ana miaka sabini na moja na bado huinuka kukumiminia.

Mjukuu wake, Ilham, amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Anatakiwa kuripoti Jumatatu, na bila kitambulisho hawamwandikishi. Mwaka jana nafasi kama hiyo ilimpita hivihivi. Watoto wetu sisi wakifika miaka kumi na nane, naibu chifu huwaandikia barua hata kabla hajamaliza chai. Lakini mtu akiitwa Ilham, fomu yake sharti ipitie kwa kamati ya wazee, wathibitishe asili yake. Redioni walitangaza kwamba mambo hayo yamefutwa. Redio hiyo haishiki katika ofisi yetu.

Na kamati ya wazee ni nani? Ni sisi wanne wa kijiweni. Tumeikalia fomu ya yule binti miezi saba, huku tukinywa kahawa ya babu yake.

Alhamisi hii Hansard ndiye aliyefungua kikao. Jina lake ni Nzomo. Tunamwita Hansard kwa sababu anadai anakumbuka kila kitu kilichowahi kusemwa hapa, kama kile kitabu cha bunge, tofauti ikiwa kwamba bunge huandika kilichosemwa kweli.

— Leo tumalize hii maneno, alisema akinyoosha kikombe. Mtu ajulikane ametoka wapi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawa walianza mmoja, sasa angalia.

— Amina, alisema Haleluya.

Huyo ni Nthiwa, mzee wa kanisa. Hufunga kila ubishi kwa sala, hasa ule aliokwisha kushindwa.

Nilitaka kumwambia Hansard kwamba methali hiyo ni ya akiba, si ya watu. Sikumwambia. Kijiweni ukisahihisha methali moja utasahihisha mpaka jioni.

Mikail alimimina, akarudi kwenye jiko lake mlangoni pa nyumba yake, hatua tatu kutoka tulipoketi. Tulizungumza kama kwamba hatua tatu ni maili.

Hansard akaeleza asili ya Othman. Alikuwa mpishi wa reli, akasema, wakati mzungu anatandika chuma kutoka Mombasa. Usiku mmoja akatoroka na sufuria kubwa ya kambi, mchele ukiwa ndani, mbichi. Kwa hivyo huyo ni mtu wa sufuria ya wizi, na kesi ya sufuria haijafungwa mpaka leo.

— Si sufuria, Haleluya akakataa. Huyo ni uzao wa Ishmaeli. Alitoka Yerusalemu na ngamia arobaini, akienda kuuza ubani, akapotea njia hapo Emali. Ngamia wakafa na kiu. Yeye akabaki kwa aibu ya kurudi.

— Yerusalemu na hapa ni wapi na wapi? Hansard akauliza.

— Biblia haisemi hakupitia hapa.

Hapo Satelaiti akacheka kwa dharau. Huyu ni Nyamai, na tulimpa jina hilo kwa sababu hupokea habari ambazo hakuna aliyezituma. Mama yake ni Mmaasai wa ng'ambo ya mpaka, na yeye mwenyewe masikio yake yametobolewa mpaka leo. Barua yake ya kitambulisho iliandikwa siku aliyoiomba. Hakuna aliyemuuliza masikio yale yametoka wapi.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema. Huyo Othman alikuwa jasusi wa Mjerumani. Vita ile ya kwanza, si Mjerumani alikuwa Taveta? Sasa jiulize, bana, msikiti mdogo vile, mabati yote ya nini? Ile mabati inaangalia Tanga. Ilikuwa inashika mawimbi.

— Mawimbi ya nini, na redio haikuwako? niliuliza.

— Ndiyo maana hakuna mtu alijua.

Tukacheka. Na mimi nilicheka, siwezi kujitoa. Mikail alikuwa anapuliza makaa, akauliza tu, Nyamai, nikuongeze? Satelaiti akamnyooshea kikombe bila kumwangalia. Jasusi akamwongeza.

Hansard hapendi hadithi ya mwingine ipite yake, kwa hivyo akatuletea ya ukoo wake mwenyewe, ambayo tumeisikia mara mia. Babu yake alitoka Matinyani, kule Kitui, mwaka wa ile njaa ya Ngomanisye, njaa iliyoingia kila mahali. Alikuwa mtoto. Walitembea yeye na mama yake, wengine wakianguka njiani, mpaka wakafika hapa hawana hata ngozi ya kulalia. Hapa ndipo walipopona.

— Wakapokewa na nani? niliuliza.

— Na watu.

— Watu gani?

— Watu, Katibu. Kwani wewe ni polisi? Damu nzito kuliko maji, kwa hivyo mtu wetu akifika ni mtu wetu. Hawa wengine ndio tunauliza.

Kunywa kahawa na kuongea kuna mwisho. Naibu chifu alikuwa ametuma neno kwamba anapita saa tano kuchukua fomu zote, na kwenye fomu ya Ilham palibaki mstari mmoja mtupu: asili ya ukoo wa mwombaji. Nikatoa kalamu. Nikasema niandike Makueni tusaini, twende nyumbani.

Hansard akasema hapana, Makueni ni sisi. Haleluya akapendekeza niandike Arabuni. Satelaiti akasema Tanga. Wakabishana mpaka vikombe vikapoa. Mwisho Hansard akapata hekima yake ya siku, kwamba ukweli hauna ubaya, na ukweli ni kwamba hawa ni wageni.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema. Hatujamfukuza mtu. Tunasema tu ni mgeni. Andika.

— Miaka mia na zaidi, Nzomo. Hiyo siku ya tatu ni lini?

— Andika, Katibu. Na uandike kwa Kikamba, naibu chifu aelewe sawasawa. Mueni.

Haleluya alifurahia neno hilo. Akatukumbusha kwamba binti yake wa mwisho anaitwa Mueni, kwa sababu alizaliwa siku ambayo wahubiri kutoka Mbumbuni walikuwa wamelala kwake. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa nyumbani kukiwa na wageni huitwa hivyo, Mueni, yaani mgeni. Kwa hivyo si tusi, alisema. Ni jina la mtoto wake mwenyewe. Amina.

Nikaandika. Ningeweza kusema kalamu imekauka. Nimesema uongo mkubwa kuliko huo kwa mambo madogo zaidi. Lakini nilikuwa nimechoka na ubishi, na kusema kweli niliogopa jina langu lisije likatajwa kijiwe kingine kwamba Katibu anawatetea wale. Niliandika herufi nzuri, zilizosimama. Mueni. Wote wanne tukasaini chini yake.

Mikail aliniona nikiandika. Hakuja kusoma.

Haukupita muda Ilham akaja. Alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni. Watoto wa kike hawaji hapa, na babu yake humwambia aingie nyumbani kwa njia ya nyuma. Alikuwa na bahasha ya vyeti kwapani na ile barua ya chuo. Alitusalimu mmoja mmoja, shikamoo, mpaka ikabidi hata Satelaiti aitikie. Akasema amesikia tumemaliza, anaomba aione fomu kabla naibu chifu hajapita.

Nikampa. Alisoma akiwa amesimama. Aliposhuka hadi kwenye ule mstari aliusoma mara mbili. Kikamba ni lugha yake. Hakuhitaji kutafsiriwa.

— Wazee wangu, alisema, naomba kuuliza kitu moja tu. Mko na vitambulisho hapo?

Hansard ndiye wa kwanza kutoa. Chake hukaa ndani ya karatasi ya plastiki, ndani ya pochi, ndani ya koti. Ni mtu anayependa kuulizwa kitambulisho kwa sababu anajua anacho.

— Hapo nyuma, sublokesheni, imeandikwa nini?

— Kwa Mueni.

— Na yako, mzee?

— Kwa Mueni, alisema Satelaiti.

Haleluya alikigeuza chake taratibu, akakisogeza mbali na macho, akakisoma kama mstari wa Injili.

— Kwa Mueni.

— Huyo Mueni alikuwa nani?

Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mwanafunzi anayetaka jibu aandike. Mashine ya unga ilikuwa inanguruma nyuma yetu, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba ina kelele.

Hansard alifungua mdomo. Alisema alikuwa mama mmoja hivi, wa zamani. Ilham akamuuliza, wa ukoo gani? Hansard akamtazama Haleluya. Haleluya akatazama kitambulisho, labda jibu limechapwa upande ule mwingine. Satelaiti, ambaye hupokea mpaka habari za Mjerumani, hakupokea chochote.

Kisha yule binti akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Nami najua. Hilo ndilo jambo lenyewe, na nimelizunguka tangu nianze kusimulia. Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo wakati wa Ngomanisye. Aliniambia mara nyingi, nikiwa namkuna mgongo, jinsi watu walivyokuwa wakifuata reli wakila mizizi, na jinsi habari ilivyopita kutoka kinywa hadi kinywa kwamba mbele kuna mtu wa pwani, mpishi, anapikia watu mchele katika sufuria kubwa na haulizi mtu ametoka wapi. Hawakujua jina lake, na hata wangelijua wasingeweza kulitamka. Mama akimwinua mtoto alimwambia tu, simama, twende kwa mueni. Twende kwa mgeni. Waliofika walipona. Waliopona walijenga palepale, wakazaa, na wajukuu wao ndio hawa wameketi juu ya taruma la reli ileile wakisaini.

Maneno hayo yote yalinijia mdomoni. Yangechukua dakika mbili. Nilivua miwani, nikaifuta kwa pindo la shati, nikaivaa tena.

— Hiyo ni mambo ya historia, Hansard akasema mwishowe, akirudisha kitambulisho kwenye plastiki. Kama kuna shida na hiyo neno, tutakaa tena Alhamisi ijayo, tuiangalie.

— Naripoti Jumatatu, mzee.

— Subira huvuta heri, mwiitu, binti yangu.

Ilham alitungoja kidogo, nadhani aliningoja mimi. Halafu akaikunja fomu mara mbili, kwa uangalifu, ili mkunjo usipite juu ya saini zetu. Akasema asanteni, wazee. Nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu na hakuna tusi lililoniingia kama asante ile. Akaondoka nayo kwa njia ya mbele, akipita katikati ya soko.

Haleluya aliinamisha kichwa kama anayetafuta sala, akaikosa. Satelaiti akasema kuna jua kali leo. Mimi sikuwa na la kufanya kwa mikono yangu, basi nikanyoosha kikombe, kama ninavyofanya kila siku.

Mikail alisimama. Alikusanya vikombe vyote vinne, na changu akakichukua mkononi mwangu, polepole, bila kunipokonya.

— Kahawa imekwisha, wazee, alisema.

Kisha akainama, akalibeba birika kwa mikono miwili kwa sababu lilikuwa zito, akaingia nalo ndani.