Mwalimu Neelavva Neglur, Aliyesema "Rudia"

Marehemu Mwalimu Neelavva Neglur alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 kijijini Garag, karibu na mji wa Dharwad, kusini mwa India, mtoto wa tatu wa mfumaji Shivappa.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akapelekwa mjini kwa mwalimu wa uimbaji. Huko alifagia ua miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kufungua kinywa. Mvumilivu hula mbivu, lakini yeye hakuwahi kutuambia kwamba zilikuwa tamu.

Tarehe 9 Mei 1968 aliolewa na Channabasappa, karani wa reli. Siku ya harusi bwana arusi alijitia kuimba ili amfurahishe. Bibi arusi akainua uso: "Hapo umepotea. Rudia." Walikichekea kisa hicho mpaka mumewe alipofariki mwaka 2003.

Miaka thelathini na nne, kila Jumatatu jioni, sebule yake ilikuwa baraza la muziki. Hapakuwa na tiketi. Wanafunzi walikaa mkekani mbele, wakubwa wa mji nyuma. Mwimbaji akiteleza, hata awe na jina namna gani, Mwalimu alimsimamisha: "Rudia, watoto wasikie."

Mwaka 2016 mwanawe, Irappa, alilihamishia baraza ukumbini kwa udhamini wa sonara mmoja. Sofa zikawekwa mbele. Mkeka ukatupwa mlangoni, penye viatu. Tarehe 12 Februari 2017 Sharada, mwanafunzi wa Mwalimu, aliteleza katikati ya wimbo.

"Rudia," Mwalimu alisema kwenye kipaza sauti. Ukumbi ukaguna.

"Mama, watu wamelipa bwana! Hawakuja darasani," Irappa alimnong'oneza.

"Nani kakwambia hapa si darasani?"

Irappa akakizima kipaza sauti. Mwalimu aliendelea kusahihisha, na hakuna aliyemsikia. Irappa ndiye anayewasomea wasifu huu, na aibu hiyo ni yake. Jumatatu iliyofuata mama alitandika mkeka nyumbani. Akaja Sharada peke yake.

Kiharusi cha Agosti 2021 kilimnyima usemi. Sharada alipomwimbia na kukosea, Mwalimu aligonga ubao wa kitanda kwa kidole, naye Sharada akarudia. Mwalimu alifariki tarehe 3 Julai 2022, saa nne asubuhi.

Ameacha mwana mmoja, Irappa, mkwewe Parvati, wajukuu wawili wasiojua kuimba, na Sharada.

Leo, kabla hatujamleta kaburini, Sharada aliimba mbele ya mwili, akateleza palepale pa siku ile. Akanyamaza, akangoja. Nasi tukangoja. Hakuna aliyemwambia arudie.

Mwalimu wetu apumzike. Kusahihisha ametuachia sisi, tusiojua.