Walivyomkumbuka Mume Wangu Mnadani

Asanteni, akina mama wenzangu. Mnaonijua mnajua kwamba kusema mbele ya watu si kazi yangu. Mnivumilie.

Mume wangu aliuza shuka na mablanketi. Hapa Karatu alikuwa na kibanda, lakini biashara yake hasa ilikuwa mnadani, kule juu Ngorongoro kwa wafugaji. Siku ya mnada aliondoka alfajiri na pikapu yake, akapita geti la hifadhi, akapotelea kwenye ukungu. Jioni alirudi, hata barabara iwe tope namna gani. Wenzake walilala huko huko. Yeye alisema hapati usingizi mahali ambapo hakuna mtoto wa kumpiga mateke, maana wetu wa mwisho alilala katikati yetu. Sare za shule alifua yeye, huku anaimba vibaya. Majirani wakamtania kwamba amelogwa. Akawajibu, "Nimelogwa vizuri, na mganga ni huyu hapa," akinionyesha mimi.

Aliugua, hakukaa sana, akaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilijifungia ndani. Watu walikuwa wema. Walileta makande, walileta kuni, na ni kama walikubaliana wote wasimtaje. Mtu akianza kusema unakumbuka ile siku, mwenzake anamfinya. Hata watoto wangu walijifunza kunyamaza. Ikafika mahali nikaanza kusahau sauti yake, na sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akashauri tuuze pikapu, biashara tuifunge, mimi nipumzike. Alisema kwa upendo, na mteja alikuwa ameshampata. Nikakubali, maana sikuwa na nguvu ya kukataa. Nikamwomba tu anipeleke mnadani mara moja, nikauze mzigo uliobaki kwa mikono yangu.

Tulipofika nilishangaa. Watu wamebanana, lakini kati ya muuza sukari na muuza viatu vya tairi paliachwa wazi, upana wa turubai moja. Palikuwa pake mume wangu. Hakuna aliyepagusa.

Nikatandika. Nikazikunja shuka kwa rangi, nyekundu huku, bluu kule, kama dukani mjini, nikakaa nyuma yake. Watu wakatazama, wakapita. Mpaka jua la utosi sijauza hata moja.

Ndipo akaja koko mmoja, ndivyo Wamasai wanavyomwita bibi. Akaniangalia weee, akauliza, "Wewe ndiyo mke ya yule?"

Nikamwambia ndiyo.

"Hii kazi hujui. Simama."

Akachukua shuka, akanivika, akafunga fundo begani. Akaongeza nyingine juu yake, na nyingine. Akaniambia mume wangu hakuwahi kukunja shuka. Alizivaa zote kwa pamoja, akatembea katikati ya ng'ombe, na anayetaka anamvua. "Jioni anabaki na shati tu," alisema, "anatetemeka kama ndama ya mvua."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema mume wangu alikuwa akiruka na vijana kwenye ngoma yao, anaanguka kama gunia. Mwingine akasema walikuwa wakimtania kila jua likishuka, kwamba huko Karatu kuna mwanamke ameshika kamba yake, na sasa anaivuta. Jina lake hawakulitaja. Kwa desturi yao jina la marehemu halitamkwi. Lakini habari zake walizisema zote, mbele yangu, kwa sauti, wakicheka.

Na mimi nikacheka. Nikacheka mpaka nikalia, nimevaa shuka tatu juani. Tangu mazishi sikuwa nimelia vile, kilio kisichouma.

Basi nikatembea katikati ya ng'ombe. Jioni shemeji alinikuta nimebaki na gauni, na upepo wa kule mnaujua. Akavua koti lake akanipa.

Njiani nikamwambia, "Shemeji, pikapu haiuzwi. Nifundishe kuendesha."

Akaendesha mpaka tukapita geti. Kisha akasema, "Kaka alipojifunza, aligonga banda la kuku la mama. Mara mbili."

Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akimzungumzia kaka yake. Tulicheka mpaka tukafika nyumbani, watoto wakatoka kuuliza kuna nini, tukawaambia.

Sijapona kabisa, sitawadanganya. Lakini mnadani naenda, na gia naingiza mwenyewe, ingawa inalia. Nawashukuru wale waliopatunza pale pake bila kuombwa. Namshukuru yule koko, na shemeji yangu. Na ninyi, mliokuwa mnaniletea makande, nawashukuru kwa dhati, ila siku nyingine leteni na maneno. Aliyefiwa hamsahau mtu wake eti kwa sababu mmenyamaza. Anabaki naye peke yake tu, na hapo marehemu anakuwa mzito kumbeba.

Dada yangu uliyekaa karibu na mlango, uliyefiwa na mumeo juzi, tukimaliza hapa usikimbie. Nataka unisimulie mzee wako alikuwa mtu wa namna gani. Nina muda.