Mama Kanyere Hulda, Aliyewanywesha Waliolala Chali

Mchungaji Abdias, mama yetu mzazi, shemeji Éliakim, watoto, majirani na nyote mliofika: ndani ya karatasi ya ibada mliyopewa mlangoni mmekuta mrija mmoja wa karatasi uliofungwa kwa uzi. Nawaomba msiukunje kwanza. Kuna sababu, nami nitaisema kabla sijakaa. Naitwa Mathe Salomon, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu nilifanya naye kazi miaka yake saba ya mwisho. Kwa kweli ningefurahi kama wangemchagua mtu mwingine.

Kanyere Hulda alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 katika kijiji kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Lubero. Alikuwa mtoto wa marehemu Mathe Paulin, mkulima wa viazi, na wa Kavugho Abigaïl, ambaye ameketi hapa mbele yetu. Tangu utotoni alikuwa mtu wa hofu. Akitumwa kufunga zizi la mbuzi alifunga, akarudi kuangalia kama amefunga, kisha akamwuliza mama kama alimwona akifunga. Sisi wadogo zake tulimcheka sana. Tulimwigiza hata mbele ya wageni, na mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza.

Alianza masomo mwaka 1977 katika shule ya misheni ya Lubero, akapata diploma ya ualimu mwaka 1990. Kule shuleni alipewa kazi ya kuvalisha vitabu vya darasa majalada ya karatasi, na huko ndiko alikogundua jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulijali: kwamba karatasi ina upande wake. Ukiikunja kwa upande mmoja inakubali, ukiikunja kwa upande wa pili inagoma na kuvunjika mgongo. Mama anakumbuka kwamba alirudi nyumbani akapasua gazeti la baba, ambalo baba alikuwa bado hajalisoma, ili amwonyeshe. Siku hiyo alichapwa, lakini hakuacha kuliamini jambo lake.

Alifundisha miaka miwili huko Lubero. Mwaka 1993 alikuja hapa Butembo na kuajiriwa katika kiwanda kidogo cha uchapaji, idara ya kujalidi vitabu. Alikaa hapo miaka ishirini na minne. Vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi ya mji huu vilishonwa na mikono yake, na ukiona kimoja kimeachia kurasa, ujue si chake.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa na Kambere Éliakim, seremala, mzaliwa wa Beni. Walijuana pale Éliakim alipoleta rafu ya mbao kiwandani. Hulda hakuipokea mpaka alipoipakia vitabu na kuiacha siku tatu ili aone kama itapinda. Shemeji huwa anasema mwenyewe: "Ile étagère aliipima siku tatu. Miye alinipima miaka mbili, na mpaka leo sijue kama nilipita." Mungu aliwapa watoto watatu, Providence, Paulin na Sophie. Ulipita, shemeji.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Mwezi wa Februari 2017 Éliakim alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka huko Beni, katika kata ya Ruwenzori, akavunjika nyonga. Alilazwa chali wiki kumi na moja katika kituo cha afya cha hukohuko na kukatazwa kuinua kichwa. Walimnywesha uji kwa kijiko, nusu mdomoni, nusu masikioni. Mirija ya plastiki ya dukani haikukubali kupinda, na kwenye uji wa moto ililegea. Hulda alikaa kando ya kitanda akiwaangalia wagonjwa wengine watano wa chumba kile wakilowa shingo vilevile. Alirarua karatasi ya daftari, akaiviringisha kwenye kalamu na kuanza kujaribu.

Ilimchukua mwaka mzima. Aliviringisha vipande vitatu vya karatasi kwa mshazari juu ya chuma cha mwavuli, akavigandisha kwa gundi ya muhogo na kuvipaka nta ya nyuki. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Shida ilikuwa shingo, pale mrija unapotakiwa kupinda bila kuziba na bila kupasuka. Éliakim, akiwa bado anatembelea magongo, alimchongea kibao chenye mifuo. Hulda aliingiza bolti ndani ya mrija, akaubingirisha juu ya kibao mpaka karatasi ikaingia kwenye meno ya bolti na kujikunja vizuri. Kisha bolti ilibidi itolewe kwa kuzungushwa, mizunguko kumi na miwili, polepole. Ukiivuta, karatasi inachanika kwa ndani mahali ambapo jicho halioni. Mwaka 2018 aliweza kupeleka Beni mirija mia mbili ya kwanza. Mimi, ambaye nilikuwa mchuuzi wa maharagwe, nilikwenda kumsaidia siku zisizo za soko.

Hofu yake haikupungua. Alihofia mvua kwa sababu ya gundi, panya kwa sababu ya muhogo, na zaidi ya yote alihofia barabara ya Butembo na Beni, ambayo nyote mnajua inavyoviziwa na watu wenye bunduki, na sina haja ya kuieleza zaidi. Kila katoni ilipoondoka alikaa na simu mkononi mpaka dereva aseme amefika. Nilikuwa namwambia, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa, "Yaya, unaogopaka hata karatasi?" Alinijibu, "Siogope karatasi. Naogopa mutu mwenye iko analala kule." Nilicheka, kama kawaida yangu.

Tarehe 12 Novemba 2021, huko Beni, mrija mmoja ulifunguka shingoni. Uji wa moto ulimmwagikia Muzee Henri, mgonjwa aliyekuwa amelala chali na mguu umening'inizwa, naye akaungua kuanzia kidevuni mpaka kifuani. Habari zilipofika, Hulda hakula siku hiyo. Jumapili, badala ya kwenda kanisani, alipanda gari kwenye barabara ileile aliyoihofia. Mimi nilikuwa naye. Njia nzima alikuwa amenishika mkono.

Alipiga magoti kando ya kitanda cha Muzee Henri, mbele ya wauguzi na wagonjwa wote, akasema: "Muzee, ni mimi njo nilitengeneza mubaya. Munisamehe." Muzee Henri akasema: "Mama, ile bouillie haikukuwa hata na sukari. Inzi yenyewe hazikukuja. Leta chalumeau ingine, niko na njaa." Watu wakacheka. Hulda hakucheka. Alikwenda kwenye kitanda kitupu cha jirani, akalala chali, akakunja mrija mpya na kunywa kikombe kizima cha uji wa moto yeye kwanza. Ndipo alipomnywesha mzee.

Kuanzia siku hiyo karakana yake ilikuwa na sheria moja. Kila katoni mpya, aliyeitengeneza anatwaa mrija mmoja kutoka humo, analala chali sakafuni na kunywa uji wa moto kabla ya mgonjwa. Wageni waliotutembelea saa nne asubuhi walitukuta tumelala chini na vikombe vifuani, wakadhani tumelewa. Tena aliniketisha kando yake miezi mitatu, nizungushe bolti na kuhesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili. "Hapana kuvuta, Salomon. Zungusha." Nilifikiri ananiadhibu kwa uvivu wangu wa jumla, ambao familia nzima inaujua.

Ndugu zangu, hapa nina jambo la kusema, na nimeshindwa kulisema kwa zaidi ya miaka mitatu. Mirija arobaini ya ile katoni ya Novemba niliitengeneza mimi. Hulda alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Kulikuwa na lori linalokwenda Kanyabayonga, nami nilitaka kuliwahi kwa ajili ya maharagwe yangu, kwa hiyo sikuzungusha bolti. Nilizivuta. Kisha nikaichanganya mirija yangu na yake, nikafunga katoni na kukimbilia lori. Pale Beni, alipopiga magoti, nilisimama nyuma yake na kunyamaza. Nilimwacha abebe kosa langu mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kufunga hata zizi bila kurudi kuangalia.

Ugonjwa wake ulianza Septemba 2024 kwa maumivu ya shingo. Picha zilionyesha uvimbe katika mifupa ya shingo. Madaktari wa hapa Butembo walifanya walichoweza, na safari ya mbali hakuiweza, kwa kuwa kila tuta lilimpigisha kelele. Kuanzia Januari alilala chali bila kuinua kichwa. Tulimnywesha kwa mirija yake mwenyewe, ile aliyokuwa ameiacha karakanani. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia imebaki mingapi. Tarehe 6 Machi iliisha.

Nilitengeneza kumi na miwili. Nilizungusha kila bolti nikihesabu kwa sauti, peke yangu, kama mwehu. Nililala chali sakafuni nikanywa, kisha nikanywa tena kwa wa pili kwa sababu wa kwanza sikuuamini. Nilipofika kitandani kwake na kikombe, niliugeuzageuza mrija mwangani mpaka Providence akataka kunipokea. Hulda aliniangalia kwa macho tu, kwa kuwa shingo ilikuwa haigeuki.

"Salomon, nani alizungusha boulon?"

"Ni miye, Yaya."

"Ulizungusha ao ulivuta?"

"Nilizungusha."

"Ile ya Muzee Henri ulivuta."

Niliweka kikombe chini. Alieleza polepole kwamba aliurudisha mrija ule kutoka Beni ndani ya kitambaa, akaufungua mbele ya dirisha. Mchaniko ulikuwa umenyooka. Mrija wa bolti iliyozungushwa hauchaniki hivyo. Alijua siku ileile tuliyorudi.

"Sasa juu ya nini haukusema, Yaya?" nilimwuliza sababu, huku nalia.

"Ningesema, ungekimbia. Ungerudilia maharagi yako. Miye sikukuwa natafuta musamaha. Ni mukono yako njo nilikuwa natafuta. Donc, leta bouillie, inapoa."

Alikunywa kikombe chote. Providence na mimi tuliangalia kola ya gauni lake, ilikuwa kavu. "Wasingya, mudogo wangu," alisema, kwa lugha ya nyumbani, kunishukuru. Kwa siku kumi na mbili zilizofuata alikunywa kwa mirija yangu, na hakuna hata mmoja uliofunguka. Lakini kila kikombe nilikishika nikiwa na hofu ileile ya cha kwanza. Sasa najua dada yangu aliishi vipi maisha yake yote, nami naomba radhi kwa kila siku niliyomwigiza.

Alifariki Jumanne tarehe 18 Machi 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake hapa Butembo, mume wake akiwa amemshika mkono na mama akiimba. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Jumatano kituo cha afya cha Beni kilipiga simu. Walitoa pole, kisha muuguzi akauliza kwa aibu kama mirija itaendelea, maana wana wagonjwa kumi na wanne waliolala chali. Muzee Henri, ambaye sasa anatembea, yuko hapa kati yetu, alikuja kwa barabara ileile, na aliponiona tu aliniuliza: "Na weye, unajua kutengeneza?" Nimemwomba angoje nisome.

Basi, mirija mliyo nayo mikononi tumeitengeneza mimi na Providence, Jumatano na jana, wakati ninyi mnalia uani. Kwa kila ishirini nimelala chini nikanywa kwa mmoja, na tumbo langu bado limejaa uji. Hata hivyo sina amani. Chai itakapoletwa baada ya maziko, fungueni uzi, mkunje shingo ya mrija na kunywa. Mrija usipofunguka, mwambieni Muzee Henri; hilo ndilo jibu lake. Ukifunguka na kukulowesha, njoo kwangu, sema mbele ya watu wote, na usiseme ni kazi ya Hulda. Kosa la kwanza nilimwachia yeye. La pili ni langu.

Marehemu anaacha mama yake, Kavugho Abigaïl, mume wake, Kambere Éliakim, watoto wake Providence, Paulin na Sophie, mjukuu mmoja, ndugu zake wanne, nikiwemo mimi, na watu wengi wa Beni asiowajua majina, waliokunywa wakiwa wamelala.

Yaya Hulda, zizi limefungwa. Nilikuona ukilifunga. Lala chali kwa amani, usiinue kichwa tena. Kuogopa niachie mimi.