Shekinah Hajibu Hesabu

Benchi la Yeoville, mtaa wa wahamiaji mjini Johannesburg, liko mbele ya duka la kushonea la Gustave, ubavuni mwa saluni, na wenyewe wamelibatiza Bunge, kwa kuwa maneno ni mengi na hakuna linalopitishwa. Kahawa ni ya Ezéchiel, Mrundi wanayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Salum wa Tanga, mlinzi wa majengo, wanamwita Geti. Gustave, Mkongomani wa Bukavu, siku hizi hawamtanii. Ana binti mmoja, Shekinah, asiyeona tangu kuzaliwa, anayesoma bweni mbali na Joburg, na hamu ya kumsikia mtoto huyo imemkaa Gustave rohoni mpaka kuna siku anashona mfuko juu chini.

Ndiyo maana Mwende alipokuja kuomba sauti yake, hakuuliza malipo. Mwende ni Mkenya, anatengeneza programu ya simu ya kufundisha hesabu watoto wasioona, kwa Kiingereza, Kizulu na Kisotho, na alitaka Kiswahili nacho kiwemo. Mtoto anasikiliza somo, anakunja kitambaa kwa mikono yake apate nusu na robo, kisha anajibu kwa kutamka. Gustave alirekodiwa akiyasoma masomo yote ya nusu na robo, na aliyasoma kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Jumamosi hii Mwende alirudi, akaketi pembeni yake.

— Baba Shekinah, mtoto ameyafungua masomo yako, alisema. Ameniruhusu niangalie. Lile somo la robo analirudia karibu kila jioni. Lakini hajibu. Hata swali moja.

— Na ya Kiingereza?

— Hayo anajibu poa sana.

Gustave aliweka kikombe chini.

— Na kama hajibu, inakuwa namna gani?

— Wakubwa wangu wanaangalia majibu pekee. Lugha isiyojibiwa wanaitoa mwisho wa mwezi. Nimewabembeleza, nimechoka.

Basi sauti yake itafutwa, Gustave aliwaza, na ile saa ya jioni ambayo mtoto yuko naye itakwisha.

— Umemuuliza mwenyewe? Geti alisema.

— Kila Jumapili namuuliza masomo inaendaje, Gustave alijibu. Ananiambia, "Niko sharp, Papa," halafu anakata.

— Hiyo ni mashine, fundi, Geti alisema. Mtoto ulimi wake wa Kizulu, mashine inamsikia kama anakohoa.

— Tumeijaribu na watoto kama yeye, Mwende alisema. Inawasikia.

— Sikilizeni, Profesa alisema, akimimina. Hapa ni heshima. Mtoto aliyelelewa na Wazulu hamjibu baba yake. Anainamisha kichwa.

— Mbona wa kwako wanakujibu mpaka tunasikia huku? Geti aliuliza.

— Wale ni wa mama yao. Haya, tuache hilo. Ni umeme. Si unakatika kila mara? Sauti ikiwa njiani, umeme ukakatika, haifiki yote. Papa Shekinah alisoma mzima, kule imefika robo. Sasa mtoto anarudia na kurudia, anatafuta robo tatu za baba yake zilizobaki.

Geti alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Gustave hakucheka. Upuuzi wa Profesa ulikuwa umemchoma mahali penyewe, maana hata yeye kila Jumapili alikuwa anapewa robo ya binti yake, na alizitamani zile nyingine.

— Ana haya na miye, alisema. Njo sababu. Kiswahili ya baba mukimbizi, mbele ya barafiki. Nani atataka?

Kabla hajajibiwa, vijana wasiojulikana walitokea kwenye kona. Benchi zima likanyamaza. Profesa alishughulika na vikombe, Mwende akatazama simu, Geti akapunga mkono na kuwasalimu kwa lugha ya mtaa, "Sharp, bafethu." Vijana wakaitikia, wakapita. Walipofika mbali, Profesa alifungua mdomo aendelee na umeme wake.

— Mbona munanyamaza? Baligombana na nyie?

Aliyeuliza ni Jeannine, msusi mpya wa saluni, aliyefika juzi kutoka Uvira. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

— Hapana, dada, Gustave alisema. Ni desturi ya hapa. Mwaka ule benyeji balivunja maduka ya siye bageni, tulijifunza. Mutu haumujue akikaribia, unameza Kiswahili. Ukiona amepita, unaendelea. Ni hivyo hata ndani ya teksi.

— Na batoto?

— Batoto njo ba kwanza. Sisi wote hapa tumebafundisha.

— Hata uyu wako, mwenye banasema haone?

— Uyu zaidi. Yeye hawezi kukimbia.

Jeannine alikunywa kidogo, akafikiri.

— Sasa yeye anajuaje kama mutu amepita?

Geti alimtazama Profesa. Profesa alitazama chupa yake ya kahawa, akaifunga kifuniko. Mwende alishika kichwa, kwa kuwa programu yake ilimtaka mtoto atamke Kiswahili, katikati ya bweni, na hakuna aliyelifikiria hilo ofisini. Gustave alimwona binti yake kitandani, kitambaa mapajani, jibu likiwa tayari mdomoni, akitega sikio. Kwa mtoto aliyefundishwa hivyo, na asiyeona, hakuna chumba kilicho kitupu.

Gustave alitoa simu, akabonyeza kurekodi ujumbe, akasimama ukingoni mwa barabara.

— Shekinah, ni Papa. Niko hapa inje, mu barabara. Bantu banapita, sibajue hata mumoja. Naongea Kiswahili. Sikia.

Aliinua simu juu. Honi za teksi ziliingia, na kicheko cha mtu, na redio ya saluni. Akairudisha mdomoni.

— Papa alikuambia unyamaze. Leo Papa anakuambia ongea. Kamata kitambaa yako. Robo tatu, ukiongeza robo, inakuwa ngapi? Utanijibu wakati utapenda. Hata kwa sauti ndogo, nitasikia.

Alikuwa hajaachia kitufe watu wengine walipokatiza kona, wasiojulikana kabisa, wakija moja kwa moja upande wa benchi. Geti alifumba mdomo kwa mazoea. Kisha akaufumbua, akaomba kahawa kwa Kiswahili cha Tanga, kwa sauti ya kutosha kuingia kwenye simu.